Papa Shilingi

Julai, bwawa la hoteli moja Nairobi West,
maji baridi kama sauti ya mwenye nyumba,
Mwadzaya alinifunga mshipi wa risasi kiunoni
(risasi ya uzito, si ile ya River Road)
akasema: Sheria ni moja tu, Kasiva. Usizuie pumzi.
Mengine yote nitakusamehe.

Nikacheka ndani ya miwani.
Miaka arobaini na saba katika mji huu
nimeishi kwa kuizuia:
foleni ya karo, lifti ya hospitali,
tarehe ishirini na tano mpaka mosi.
Nikazama. Mita mbili na nusu.
Chini palikuwa na kigae kilichovunjika
na pini ya nywele ya mtu.
Nikakaa nayo dakika ishirini, napumua.

Kazini Ngara waliposikia
walinionea huruma kwanza, kisha wakaniogopa.
"Likizo ni ya kwenda kwenu Mbooni kuezeka nyumba," alisema Nyanchama,
"wewe wamlipa mtu akupeleke kwa papa?"
Nikamwambia, ukiyavulia maji nguo...
"Uyaoge, sawa. Beseni ninalo."

Mimi ni keshia.
Mbele yangu kioo, na tundu la kupitishia noti.
Watu huja, hufungua vinywa, hufumba,
nami huhesabu: mia, mia tano, elfu.
Kidole gumba kimelainika, hakina alama tena;
mashine ya vitambulisho hainitambui.

Basi, Februari, Diani.
Rangi ya bahari sikwambii, umeiona kwenye kalenda.
Nitakwambia yule.
Alitokea upande nisioutazama,
mrefu kama basi la shule, hana haraka,
kinywa wazi kama mlango wa stoo iliyohamwa,
na mgongoni, toka kichwani hadi mkiani,
shilingi.
Nyeupe. Nyingine zimepangwa safu, nyingine zimemwagika tu.
Ndilo jina lake huko, papa shilingi.
Mwadzaya anasema zilirushwa toka mbinguni,
bila risiti.

Nikaanza kuhesabu. Kazi ni kazi.
Nilifika mia moja na kumi na mbili,
akageuka, hesabu ikavunjika,
na jicho lake dogo likanipita
kama mtu asiye na akaunti kwetu.
Simdai. Hanidai.
Ni lini mara ya mwisho
nilikuwa mbele ya kiumbe nikaweza kusema hivyo?
Moyo ulinipapa, ndiyo, neno lilelile,
ila pumzi sikuizuia.

"Picha iko wapi?" Nyanchama aliuliza.
Kamera ilikuwa imeingia maji.
"Basi hukumwona."
Basi sikumwona. Nipitishie hiyo bahasha.

"Usipande Nairobi leo," Mwadzaya alikuwa amenionya.
"Damu yako bado ina vipovu, na mji wenu uko juu mno.
Ngoja siku nzima vitoke polepole."
Nilingoja mbili, nikala muhogo, nikalala.
Lakini vingine vimebaki, najua,
kwa sababu mchana, mteja akinipigia kelele kiooni,
namwona anatoa mapovu tu
na ninamtabasamia, jambo linalomkasirisha zaidi.

Alhamisi, saa nane za usiku,
zamu ya mtaa wetu kupata maji.
Madumu kumi na moja nimeyapanga jikoni.
Mfereji hautoi maji kwanza. Hutoa hewa:
unakoroma, unavuta, unaachia,
unavuta,
unaachia,
sauti ileile ya mtungi mdomoni.
Jirani wa juu anagonga sakafu: funga hiyo kitu!
Sifungi.
Nasimama gizani, miguu mitupu kwenye simiti,
naendelea pale nilipoachia:
mia moja na kumi na tatu.