Zamu ya Kumi na Tatu

Mizani ya Hombolo haina adabu,
haiulizi kreti imetoka shamba la nani.
Sisi wapimaji ndio tunaouliza.
Ndiyo maana kila Machi, zabibu za kwanza zikipungua,
tunakaa wanne bandani na kuchagua watu
ambao hawatajua kamwe kuwa tumewachagua.

Ni besiboli. Usicheke.
Chilongani aliicheza sekondari mihula miwili,
akatuambukiza kama mafua,
na sasa tuna timu za karatasi, daftari la mistari,
vizibo vya soda vyenye namba ndani ya kofia ya Ndahani.
Mimi huchomoa nne. Kila mwaka, nne.
Zamu hupinda kama nyoka, ikarudi ilikotoka,
kwa hiyo wa mwisho hula matonge mawili mfululizo,
ila huyala akiwa ameshawatazama wenzake wakitafuna.

Nataka kusema habari za wadakaji wa mbali,
wale watatu wanaosimama nyikani mwa uwanja,
macho juu, mgongo karibu na ukuta,
kama watoto wanaoamia ndege kwenye uwele:
saa nzima hakuna kitu,
halafu ghafla kila kitu.

Chilongani, kizibo namba moja, hakupepesa.
Akamchukua kijana wa mabango,
bega pana, meno yote.
Mwezi wa tano goti likasema basi.
Ndahani akamchukua mwizi wa vituo,
mwepesi kama panya wa ghalani;
aliiba kweli, lakini kupiga mpira, hapana.
Mimi nilichukua jina.
Naungama. Lilikuwa tamu mdomoni.

Sechelela alikuwa anamenya karanga.
Zamu ya kumi na tatu, tumechoka, taa inapepesuka,
akataja mtu wa miaka thelathini na minne
tukamwomba alirudie.
Akalirudia. Akapuliza maganda mezani.

Huko kwao wanacheza usiku, kwetu kunakucha.
Saa kumi na moja alfajiri nasimama uani na simu,
baridi ya Julai inaniuma masikio,
nasoma namba kabla sijanawa uso.
Jina langu tamu: sifuri, sifuri, moja, sifuri.
Mzee wa Sechelela: kidogo.
Kesho yake kidogo.
Keshokutwa, kidogo tena,
kama mtu anayelipa deni bila kusukumwa.

Nikaketi na daftari, nikapiga mstari chini ya kila zamu.
Nani bora? Hilo ni swali la watoto.
Uliza nani bora kuliko kizibo kilichomleta.
Wa kwanza akitoa mia, amelipa kodi tu.
Wa kumi na tatu akitoa sitini, amekujengea nyumba.
Na mimi nilipaswa kujua haya, mimi,
ninayefunua kreti kila siku nikakuta za juu
zimepangwa kwa ajili ya macho,
na za chini zinalia maji;
mimi, ninayeweka tone kwenye kipima sukari
kabla sijasifu rangi.

Septemba, mavuno ya pili, foleni ya baiskeli
imefika hadi kwa muuza vocha.
Sechelela anaongoza kwa pointi arobaini na moja
na hajataja hata mara moja.
Yeye ndiye aliyetuajiri, miaka sita iliyopita,
kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni kwa gundi ya ugali.
Nikamuuliza, nikijifanya nafunga uzi wa gunia:
mimi nilikuwa wa ngapi kwenye ile orodha?

Akaitazama mizani, si mimi.
“Walioitwa kabla yako hawakuja,” akasema.
Halafu: “Wawili walikuja. Nikawarudisha.”
Halafu, kwa mwenye baiskeli iliyofuata:
“Pandisha kreti.”