Mbuzi wa Krismasi

Jumatano, siku nne kabla.
Nawasha taa ya jikoni, siwashi jiko.
Nje Winnipeg imeganda kama chumvi ndani ya gunia;
roshani ya ghorofa ya saba ndiyo friji yangu ya pili.
Korosho nimeziloweka kwenye bakuli la bluu,
choroko kwenye chupa ya jamu, mdomo nimeufunga kitambaa,
nimeilaza karibu na hita kama mtoto mwenye homa.
Kesho kutwa zitatoa mikia.

Shemeji Elineema amekwisha kupiga simu mara mbili.
"Tunasikia mwaka huu kwenu hakuna moto.
Mchaga gani anakula Krismasi majani?
Mbuzi yuko wapi?"
Mbuzi yupo, nikamwambia. Njoo tu.

Maparachichi nimeyanunua mawe matupu
kwa Wafilipino wa Mtaa wa Sargent.
Kila moja nimelivika gazeti, nikalipa ndizi mbivu ya kulala nayo.
Nitayabonyeza Alhamisi, nitayabonyeza Ijumaa.
Parachichi halipokei amri.
Kutoa kokwa za tende ni kazi ya usiku,
kazi ya aliyekaa, na redio.
Kabeji nitaichinja Jumamosi (neno ni hilo, nitaichinja),
niifinye kwa chumvi na ndimu mpaka itoe machozi,
niiweke roshanini, kengele ya simu dakika ishirini,
maana nikiisahau huko itageuka jiwe.

Mpango wote nimeubandika mlangoni mwa friji.
Mume wangu anausoma kama ratiba ya treni:
"Jumapili, saa tatu: hakuna.
Saa nne: hakuna.
Saa tano: kukaa."
Ananigeukia. Hapa umesahau kuandika?
Sikusahau.

Moshi kwetu ni jina la mji.
Kwa mama lilikuwa jina la kazi.
Kila Krismasi, kule Kibosho, tulimjua kwa mgongo:
wageni walishuka na magari yao kutoka Dar,
wakala, wakasifu, wakala tena,
naye anapuliza, anapuliza,
akatokea jioni, macho mekundu, khanga inanuka mafuta,
kuuliza kama kuna aliyebaki na njaa.
Nimemtafuta kwenye picha zote.
Kuna mkono wake mmoja, unapitisha sahani.

Jumapili Elineema akaingia na theluji kwenye kofia,
akanusa. Hakuna harufu.
"Haya. Mbuzi."
Nikamwonyesha: yule pale, ameinama pembeni,
kibao cha Tanga, miguu ya kukunja, ulimi wa chuma, meno,
aliyenisimamisha uwanja wa ndege dakika arobaini
nikieleza kwa mikono kwamba si silaha.
"Mpande," nikasema, nikampa kifuu cha nazi.
Akanitazama. Akamtazama mke wake, anayecheka mpaka anashika ukuta.
Akapanda, na ule mwili wake wote,
akakuna vibaya, akakuna vizuri kidogo,
theluji nyingine ikaanguka kwenye sinia.

Parachichi moja lilikuwa gumu bado. Tukaliacha.
Choroko zilikuwa na mikia.
Elineema alisema kabeji inahitaji nyama,
kisha akaongeza kabeji.
Katikati ya maneno mtu akauliza chumvi iko wapi.
"Jikoni," nikasema.
Sikuinuka.