Kama Hujachagua

Saa saba za usiku, Bukavu ikishazima pasi na majiko,
umeme unapata pumzi, taa ya ofisi inaacha kukonyeza.
Ndipo ninapofungua faili la mipangilio ya awali
na kuamua watu ambao hawajaajiriwa bado
watakuwa nani.

Hospitali yetu ina kompyuta kumi na tisa,
kuanzia mapokezi hadi chumba cha maiti,
na zote zikiamka zinauliza yale yale:
Seva iko wapi? Huyu anayegonga ni nani?
Nazijibu mapema, kwa mistari michache,
kama anayesafiri alfajiri akaacha ufunguo kwa jirani:
akija wa kwangu, mpe.

Kundi: watumishi.
Nywila: idumu siku tisini.
Akikosea mara sita, mlango ufungwe dakika kumi.
Nyumba: kila mtu apewe yake, yenye jina lake mlangoni,
hata kabla hajaulizwa ana watoto wangapi.

Hapo huwa nacheka peke yangu.
Mimi niliyepanga vyumba viwili Nyamugo
kwa garanti ya miezi sita
na choo kimoja cha wapangaji kumi na wanne,
nagawa nyumba kwa ncha ya kidole
na hakuna anayedaiwa.

Jina ndilo lililonishinda.
Aliyetunga mfumo huu, huko aliko,
alidhani binadamu ana majina mawili:
la kwanza, la ukoo, basi, mstari umefungwa.
Sasa mama Ntakwinja Cibalonza Espérance,
anayefagia wodi ya wazazi tangu mimi niko shule ya msingi,
la katikati niliweke wapi,
lile alilopewa na bibi yake usiku wa mvua ya mawe?
Nilimwuliza, Mama, tuache lipi?
Akaegemeza ufagio ukutani.
Wewe andika, akasema. Usipunguze. Mimi si sukari.

Nikaongeza kisanduku cha tatu.
Siku mbili zilikwenda humo.

Kisha saa. Kompyuta ya maabara ilikuja
ikiamini iko Kinshasa, saa moja nyuma yetu.
Mugisho, kwa nia njema, akaisogeza kwa mkono,
asiguse jina la mji.
Seva ikamkana: wewe unatoka saa ambayo haijafika.
Asubuhi nzima damu ya watu ilikaa kwenye mirija
ikingoja mtu wa kuisemea.
Tofauti inayovumiliwa ni dakika tano.
Dakika tano!
Sisi tunaopokea mshahara wa Machi mwezi wa sita.

Sasa kila inayoamka inaulizia saa kwa seva kwanza,
ndipo iulizie watu.
Hilo nimeliandika mimi, na hakuna atakayejua.

Umebaki mstari mmoja.
Lugha ya kuanzia: Kifaransa.
Ndivyo alivyoiacha aliyenitangulia,
naye aliikuta hivyo hivyo.
Watu hawabadilishi walichokikuta mezani.
Wanakizoea, kisha wanakiita kawaida,
kisha wanamkaripia mtoto anayekigusa.
Mkurugenzi ataniita ofisini.
Acha aniite, nitamwonyesha mahali pa kubonyeza
anayetaka Kifaransa akichague.
Mradi safari hii anayechagua awe yeye.

Nimefuta neno, nimeandika jingine.
Seva imewaza kidogo, ikakubali.

Saa kumi na mbili mama Ntakwinja amekuja kuangalia zamu yake,
akabonyeza kwa kidole cha shahada,
herufi kwa herufi, ulimi umechungulia nje.
Kioo kikamwambia Karibu,
na majina yote matatu yakajipanga.
Hakusema kitu.
Alichukua pindo la kitenge, akapangusa kioo,
pale pale palipokuwa safi tayari.