Zisichanganyike

Duka langu la uchapaji liko nyuma ya kanisa la Zaborna,
mji wa makaa ya mawe kusini mwa Polandi,
ambako theluji huanguka nyeupe alfajiri
na ikifika saa sita imeshakuwa kijivu.
Mashine niliachiwa na baba. Ikianza kunguruma,
vikombe vya jirani hutetemeka kabatini
naye hujua bila kuambiwa: uchaguzi umekaribia.

Mara ya kwanza Teodor Kulik alikuja kwa baiskeli,
shati limechomoka, mfukoni karatasi moja
ya mwandiko wake mwenyewe:
FUNGENI MGODI. WATOTO WETU WANAKOHOA.
Hakuwa na senti. Nilimchapia mia tatu kwa mkopo,
maana na mimi nilikuwa na mtoto, na usiku
nilihesabu pumzi zake kama mtu anayehesabu chenji.
Alishindwa vibaya.
Deni alilipa kwa magunia mawili ya viazi.
Nilimpenda kwa viazi vile.

Miaka minne baadaye alishuka kwenye gari.
Alipangusa kiti kabla ya kukaa.
“Bi Otylia, tusiseme kufunga. Tuseme kupumzisha.”
Nikapanga herufi za risasi, moja moja.
Kupumzisha.
Kana kwamba mgodi ni bibi kizee
aliyechoshwa na ngazi.
Akashindwa tena, safari hii kwa kura chache.

Mara ya tatu hakuja. Alituma kijana
mwenye viatu visivyojua tope, na bahasha mbili.
Ya mitaa ya wachimbaji, wino mwekundu:
MGODI NI MAMA YETU. MAMA HAUZWI, MAMA HAFUNGWI.
Ya nyumba mpya za kilimani, wino wa kijani:
HEWA SAFI KWANZA.
Picha ileile. Tabasamu lileile, hata kishimo cha shavuni.
Kijana alikuwa na ombi moja tu:
“Zisichanganyike.”

Sikuzichanganya.
Mlijue hilo kabla hamjanisifu.
Bili ya umeme ilikuwa imebandikwa mlangoni.
Nilifunga kila rundo kwa kamba yake,
nikapokea malipo, nikayahesabu mara mbili.

Aliyezichanganya ni mzee Alojzy,
miaka thelathini na mmoja chini ya ardhi,
ambaye huja dukani kuota moto wa jiko langu
na kupumua kwa mafungu.
Alichomoa moja huku, moja kule,
akazilaza mezani, akavaa miwani,
akazisoma kama anayesoma barua ya daktari.
Nikangoja matusi.

“Yote mawili ni kweli, Otylia,” akasema.
“Mgodi ni mama yangu. Umenilisha, na umeniua.
Ila mimi
nayasema yote kwa mdomo mmoja,
siku moja,
mbele ya mtu yuleyule.”
Kisha akakohoa mpaka nikazima mashine.

Kulik alishinda.
Mitaani walipiga tarumbeta, kilimani walifungua mvinyo,
kila upande ukiupigia makofi ushindi wake.

Jumatatu alikuja peke yake, kwa miguu, bila kofia,
theluji ikimyeyukia kwenye nywele.
Alizunguka duka akigusa vitu: mkasi, gundi, kopo la wino.
“Ile ya kwanza,” akauliza, “niliyoiandika kwa mkono.
Bado unayo?”

Sikujua anaitaka aichome
au aisome.
Nilimtazama usoni muda mrefu, na uso wake
haukuniambia upande wowote.

“Sina,” nikamjibu. “Ilipotea zamani.”

Akashukuru. Akafunga mlango polepole, asiamshe kengele.

Ilikuwa ndani ya droo,
chini ya kiwiko changu.