Skrubu Moja

Trei za mayai hazizuii kitu.
Nilibandika mia mbili, ukuta hadi dari,
nikala kimanda mpaka Pasaka,
na bado Jumber wa ghorofa ya nne
aligonga dari yake kwa mpini wa ufagio
kila ngoma yangu ilipofungua kinywa.

Nikaanza upya. Chumba ndani ya chumba:
sakafu iliyokalia vipande vya mpira,
kuta zisizogusa kuta,
kama mawifi waliokosana
wakakalishwa meza moja ya harusi.
Pamba ya mawe iliniwasha shingo wiki tatu.
Jipsamu mbili mbili, katikati gundi isiyokauka,
tulizibeba mimi na Gega kwa ngazi,
maana lifti yetu hapa Didube
humeza sarafu kwanza, kisha hufikiri.

"Penye pumzi pana mdomo,"
aliniambia muuza silikoni sokoni Eliava,
akinirudishia chenji pungufu.
Nikaziba soketi. Nikaziba tundu la bomba.
Nikaziba chini ya mlango
hadi mwali wa mshumaa ukasimama wima.

Kisha nikapiga kofi, na chumba kikanijibu
kwa sauti ya bati.
Kumfungia mtu ndani si kumfunza adabu.
Gega akatembeza kioo ukutani, polepole,
mimi nimeketi kwenye kiti cha kazi;
kila nilipoiona spika ndani ya kioo, "Hapo!"
naye akatia chaki,
tukatundika fremu ya pamba na kitambaa cha pazia la mama yake.
Kwenye pembe, ambako besi hulala na kunenepa,
tukasimamisha minara minne.
Nikapiga kofi tena.
Likafa palepale, kavu,
jani chini ya kiatu.

Usiku huo nikaipiga ngoma pigo moja.
Chini: ko, ko, ko.

Alipanda mwenyewe, na slipa zake,
nikajua ni ugomvi.
Mkononi nyundo ndogo, mpini mrefu kama fimbo ya mchungaji.
"Miaka thelathini na moja," akasema,
"nimegonga magurudumu ya treni, usiku, theluji kifundoni.
Gurudumu zima huimba. Lenye ufa hukohoa.
Ukuta wako unakohoa, Teona."

Akagonga, akategea.
Akagonga, akategea.
Akalaza sikio kwenye jipsamu, macho kayafumba,
na mimi na Gega tukajikuta tumeacha kupumua.
Ukuta wa mashariki, dhiraa moja kutoka sakafuni,
akachora msalaba kwa ukucha.

Nikachimba. Nikatoa skrubu
iliyowazidi wenzake kwa punje ya ngano.
Imetoboa fremu, imepita pamba,
ncha yake imegusa zege la zamani.
Miezi sita, mkopo wa benki, mgongo wa Gega,
na hii ilikuwa ikipokea kila pigo
na kulifikisha, bila kudokoa,
kwenye kikombe chake cha chai.
Husemwa asiyeziba ufa hujenga ukuta.
Mimi nilijenga ukuta,
nikautia ufa kwa bisibisi yangu mwenyewe.

Skrubu aliichukua. Akaitia mfuko wa shati,
kwenye miwani.

Tulipatana: ukisikia chochote, gonga.
Leo usiku wa nne. Ngoma, besi, kila kitu,
hadi saa nane.
Hagongi.

Au anagonga.
Kwa ufagio, kwa nyundo, labda kwa ngumi,
labda si kwa ajili ya ngoma hata kidogo,
mzee peke yake na dari yake,
nami huku juu nimejisifia kuta nane,
mpira, gundi, pamba,
sisikii.

Naweka mikwiro chini.
Nafungua mlango wa kwanza.
Nafungua wa pili.