Chumba cha Tisa

Kaseti ilikuwa imelala ndani ya kopo la biskuti,
Miskolc, nyumbani kwa mama, ghorofa ya nne.
Ildikó anaipangusa vumbi, anabonyeza.
Kelele zile zile, nyuki ndani ya debe,
kisha mistari, kisha kimya,
kisha kijitu cha nukta kumi na sita
kinasimama, kinangoja kuamriwa.

Mbona kidogo hivi?
Rangi nne, na moja inachuruzika nje ya mwili.
Muziki ni noti tatu zinazofukuzana.
Mwanawe Barnabás anatazama dakika mbili,
anaaga kwa adabu.

Lakini vidole havijasahau.
Ngazi, popo, ufunguo, ruka,
hadi chumba cha tisa, lile shimo
lililomliza akiwa na miaka kumi.
Anaruka. Anaanguka. Anaruka.
Usiku wa manane anachukua rula, anapima kioo:
shimo limezidi mruko kwa nukta moja.
Aliyelichora alikosea hesabu.
Hakuna aliyewahi kuvuka.

Hata Szabolcs, kaka yake,
aliyeapa kwamba amevuka,
aliyemsimulia, taa zikishazimwa,
bustani ya ng'ambo: samaki waimbao,
mti unaozaa funguo, mlinzi mwenye kigugumizi.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu.
Hii imechukua miaka thelathini na minane
na simu ya kwenda Graz.

"Mwongo we!"
Kicheko, halafu kikohozi cha mvutaji.
"Yule mlinzi," anauliza Ildikó,
"mwishowe alisema nini?"