Kilo Tisa

Oketcho hunitumia sauti usiku kutoka Mombasa:
"Athieno, unaozea bara. Njoo uone meli
ndefu kuliko soko zima la Tororo."
Nyuma ya maneno yake nasikia vyuma, king'ora,
mtu akicheka kwa Kiswahili laini kuliko changu,
changu hiki cha mpakani, kilichokwaruzwa na malori.

Mimi ni fundi wa mizani.
Naifungua mgongo, nachomoa springi iliyochoka,
naikaza, nairudisha, natundika jiwe la kilo moja,
nangoja sindano iseme kweli.
Ya muuza mihogo, ya kinu cha mahindi,
ya zahanati, ambako watoto huning'inizwa wakilia.
Gramu mia mbili za uongo pale,
na mtoto mwenye njaa huandikwa mzima.

Mwalimu wa fizikia alituambia siku ya mwisho,
"Mwenye kichwa hafii alikozaliwa."
Tukapiga makofi. Darasa zima tulikuwa na vichwa.
Kumi na mmoja wako Kampala, wanne pwani,
mmoja Dubai, simu yake haishiki.
Yeye mwalimu yupo palepale chini ya Mwamba,
anafundisha wengine kuondoka.

Bahari naijua kwa gunia.
Chumvi hushushwa alfajiri dukani kwa Nyapendi
nami huitwa kuamua ugomvi:
risiti yasema hamsini, mizani hamsini na moja na nusu.
Nani mwongo? Hakuna.
Chumvi imekunywa unyevu njiani,
imekuja na maji ambayo hakuna aliyeyalipia.
Niliwahi kulamba kidole. Sikatai, nilitamani.

Wala sisemi hapa panatosha.
Benki inataka hati ya shamba;
shamba ni la baba, na baba ana wana wa kiume.
Wapo wateja wanaonilipa mayai.
Mashine ya kukunja springi nimeiona kwenye simu tu,
nikaivuta picha, nikaivuta, hadi ikawa vumbi.

Wiki jana Oketcho kapiga mchana, anahema.
Mizani ya yadi yao imekwama, bosi anafoka,
fundi wao yuko matangani.
Fungua kifuniko, nikamwambia. Unaona skrubu mbili?
Ya kushoto. Robo mzunguko.
Polepole, si kama unavyokula.
Kimya. Kisha: "Imekubali."
Siku hiyo hakutaja kuoza.

Jana jioni nikapakia begi:
sweta, koleo, jiwe langu la kilo,
cheti kilichopata mikunjo minne.
Nikalitundika kwenye ndoano kama mtoto wa zahanati.
Sindano ikatetemeka, ndiyo tabia yake,
ikatulia.
Kilo tisa.
Nikaiandika ukutani kwa chaki.
Ndipo nikaona sijaliachia:
vidole viwili bado vimeshika mkanda.